Kwa muvi za majini na mizimu, nani ndiye anaruhusiwa kuogopa?

Tangu Sinners, ile muvi ya Marekani ya vampaya, itoke Aprili 2025 kuna ubishi mmoja umekataa kuisha. Nimeusikia kwa kinyozi, nimeusikia kwa mathree ya kwenda Embakasi, na kwa grupu yetu ya WhatsApp ya ploti ulienda siku tatu mpaka admini akafunga watu wasiandike. Mmoja anasema Wamarekani sai wanalazimisha watu weusi kila mahali, hadi kwa stori za vampaya. Mwingine anajibu ati hatimaye na sisi tumewakilishwa. Wa tatu anauliza, hao ni watu wa Mississippi, sisi ni wa Nairobi, inatuhusu na nini. Ukiwasikiliza vizuri unagundua hata hawabishani, kila mmoja ana kitu yake kichwani na wote watatu wanaiita jina moja, uwakilishi.

Mimi hizi muvi nimezipenda tangu nikiwa mdogo, kwa hivyo huu ubishi unanigusa. Wacha tuuanze chini kabisa.

Muvi za kutisha ni nyingi. Kuna za mtu na kisu, kuna za papa na nyoka wakubwa, hizo leo tuziache kando. Naongea za kiroho, zile ambazo tishio lake huwezi kulishika: mizimu, majini, mapepo, uchawi, maiti inayotembea, nyumba iko na mtu na mtu haonekani. Hizi ziko na tabia yao. Kisu ni kisu Nairobi na Tokyo, lakini pepo lazima atoke mahali, lazima awe na lugha, awe na watu wanaomwamini na watu wanaojua kumfukuza. Dairekta akishachagua pepo tayari amechagua watu, na hata kama hao watu hawataonekana kwa skrini imani yao itakuwa imetumika. Ndio maana haya maneno ya uwakilishi yanauma zaidi huku kuliko kwa muvi za mapenzi ama za ngumi.

Sasa hayo maneno mawili, utofauti na uwakilishi, watu huyachanganya sana. Fikiria mathree. Abiria wanaweza kuwa Mluo, Mkikuyu, Msomali, Mhindi, Mmaasai, gari imejaa watu wa kila aina, huo ndio utofauti. Lakini abiria hachagui njia. Dere ndiye anaamua kama mtapitia Jogoo Road ama Outering, na juu ya dere kuna mwenye gari. Uwakilishi ni maswali ya hapo mbele: huyu mtu ameingia kama nani, anaonyeshwa vipi, nani ameshika usukani wa stori yake. Alafu kuna kitu ya tatu. Unajua zile sura huchorwa kwa bodi ya mathree, za wanamuziki na wachezaji mpira? Hiyo sura inapamba gari, inavutia watu wapande, lakini yenyewe haijapanda. Kwa miaka mingi Waafrika na watu wengine wengi walikuwa hivyo kwa muvi za kutisha, wamechorwa nje, ngoma zao zinalia, vinyago vyao viko ukutani, na ndani wameketi watu wengine.

Viti vitatu

Njia rahisi nimepata ya kuielewa hii kitu ni kuona kila muvi ya mizimu kama chumba kiko na viti vitatu. Kiti cha kwanza ni cha anayeogopa. Kamera inakaa na yeye, mlango ukilia unausikia na masikio yake. Cha pili ni cha kinachoogopesha. Cha tatu ni cha anayejua, yule mzee ama mama anakuja kusema hii nyumba mhame, hii sanduku msifungue.

Watu hudhani kuogopa ni aibu, kwamba heshima ni kuwa shujaa ama kuwa jini lenyewe liko na nguvu. Mimi naona kwa hizi muvi kuogopa ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Ukipewa nafasi ya kuogopa maana yake watazamaji wameombwa waamini uko na kitu cha kupoteza, uko na mama, uko na mtoto, uko na kesho. Na hicho ndicho kiti watu weusi, wenyeji wa nchi zilizotawaliwa, watu wa dini zisizo za Ulaya, walinyimwa kwa muda mrefu. Walipewa cha pili, na wakibahatika cha tatu.

Mfano wenye unaniuma zaidi ni wa zombi. Leo mtoto yeyote wa Nairobi atakwambia zombi ni maiti inakimbia ikikula watu. Hapo mwanzo haikuwa hivyo. Zombi alitoka Haiti, na kule hakuwa anakula mtu, alikuwa ni mtu ameibiwa. Amekufa, ama watu wamedhani amekufa, alafu mchawi anamwamsha na kumfanya mtumwa, anafanya kazi bila akili yake, bila kuchoka, bila kulalamika. Wasomaji wa Tanzania washaelewa, huyo ni msukule kabisa. Sasa kumbuka Haiti ni nchi ya watu waliotolewa Afrika wakalimishwa miwa mpaka wakafa, mpaka wakapigana na kujikomboa 1804. Kwa watu kama hao kifo kilikuwa angalau ni mwisho wa jembe. Zombi ni ile hofu ya kwamba hata ukifa utaendelea kumlimia mtu. Kwa hivyo kitu cha kuogopa hakikuwa kukutana na zombi njiani usiku. Kitu cha kuogopa kilikuwa kuwa zombi.

Marekani ikaingia Haiti na wanajeshi 1915, ikakaa mpaka 1934. Katikati hapo, 1929, mwandishi Mmarekani anaitwa William Seabrook akatoa kitabu cha safari zake huko, na 1932 ikatoka White Zombie, yenye watu wengi huihesabu kuwa muvi ndefu ya kwanza ya zombi. Ndani yake msichana mzungu amekuja Haiti kuolewa na anageuzwa zombi, na hofu yote ya muvi inajengwa hapo, itakuwaje huyu. Misukule wengine wako, wanasukuma mtambo wa kusaga miwa, kuna mahali mmoja wao anaanguka ndani ya mtambo na wenzake wanaendelea tu kuzunguka, na kamera haimlilii. Ile hofu ilikuwa ya hao watu wanaozunguka. Ikachukuliwa ikapewa mgeni, na wenyewe wakabaki kuwa kiti cha pili kwa stori ya uchungu wao wenyewe. Baadaye kabisa zombi akaanza kula watu na ile maana ya utumwa ikapotea, hadi leo ukimwambia mtu zombi ni stori ya utumwa anakuangalia.

Kiti cha tatu kinaonekana kizuri, unapewa hekima, unapewa sauti ya upole. Shida ni kwamba huyo mjuzi hana maisha yake. The Shining ya 1980 iko na mpishi mweusi, Dick Hallorann, mwenye kipaji cha kusikia mambo yasiyosikika. Anavuka theluji, anakodi gari, anakuja kuokoa familia ya watu hata si wake, na akiingia tu mlangoni anapigwa shoka. Kwa kitabu cha Stephen King cha 1977 huyo mzee anapona na kuendelea kuishi. Mtu alikaa akaamua kwa muvi afe. Na kwa hiyo hiyo muvi tunaambiwa hoteli ilijengwa juu ya makaburi ya wenyeji wa Marekani, sentensi moja inapita, na hakuna mwenyeji hata mmoja anayeongea mpaka mwisho.

Kiti cha kwanza kilikaliwaje

1968 kijana mweusi anaitwa Duane Jones alipewa kuwa mhusika mkuu wa Night of the Living Dead. Dairekta George Romero alisema miaka yote kwamba alimchagua kwa sababu alijaribiwa na akawa bora kuliko wote, stori yenyewe haikuandikwa ikiwa na rangi yake kichwani. Lakini watu walioketi kwa kumbi Oktoba ya mwaka huo walikuwa wamemzika Martin Luther King miezi sita nyuma, na wakaona mtu mweusi anapigana usiku kucha na maiti, anabaki peke yake, asubuhi wazungu wenye bunduki wanafika kuokoa watu na wanampiga risasi wakidhani ni maiti naye. Nimeitazama zaidi ya mara tano na ile mwisho hunikausha koo kila mara. Hakuna neno hata moja la rangi linasemwa kwa muvi yote. Halikuhitajika.

Alafu 2017 ikaja Get Out ya Jordan Peele, na mhusika mkuu ni Daniel Kaluuya, mtoto wa wazazi Waganda aliyezaliwa London. Niliitazama na dada yangu kwa laptopu, taa tumezima, na ule wimbo wa mwanzo ulipoanza, sauti zinanong'ona na kuimba, dada akaniambia rudisha nyuma, hao watu wanaongea Kiswahili. Tukarudisha. Ni kweli. Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, umetungwa na Michael Abels, na ni sauti za mababu wakimwonya kijana kwamba mahali anaenda si pazuri. Watazamaji wengi wa Marekani walisikia mnong'ono tu. Sisi kwa sofa ya Umoja tulionywa hata kabla yake.

Sasa kuna mtu atasema, na ana haki, kwamba hicho Kiswahili si cha huku, sisi tungesema wasikilize wahenga, na tena wengi waliopelekwa Marekani utumwani walitoka Afrika magharibi ambako Kiswahili hakikuwa, kwa hivyo lugha yetu imewekwa pale kama pambo tu, sura kwa bodi ya gari. Nimelifikiria hili sana. Mimi nasema hapana, na sababu yangu ni kiti. Kwa muvi za zamani ukisikia lugha ya Kiafrika gizani ujue hatari inakuja. Hapa lugha ya Kiafrika ndiyo inajaribu kumtoa mtu kwenye hatari. Imehama kutoka kinachoogopesha ikaenda upande wa anayeogopa, na hiyo kwangu ni kubwa kuliko sarufi.

Mambo watu husema

"Mtu mweusi hufa wa kwanza." Ukihesabu muvi moja moja utapata mara nyingi si wa kwanza, yule wa Duane Jones anabaki mpaka mwisho. Hii kauli imekuwa utani mpaka Scream 2 ya 1997 ikaanza na wapenzi wawili weusi kwa foleni ya sinema, msichana akilalamika ati muvi za kutisha huacha watu weusi nje, na kweli wakafa wa kwanza. Lakini nambari ya kifo si hoja. Hoja ni kifo kinafanya kazi gani. Akikufa ili mwingine ajue hatari ni ya kweli, basi ametumika kama king'ora.

"Haya ni mambo mapya, siasa za juzi." Blacula, vampaya Mwafrika aliyechezwa na William Marshall na kuelekezwa na William Crain, ilitoka 1972. Na hata tuache Marekani, sisi wenyewe tulikuwa na stori za wanyonya damu kabla ya hiyo. Uliza wazee kuhusu mumiani ama wazimamoto. Enzi za mkoloni, kutoka pwani mpaka Nairobi mpaka Kampala, watu waliamini kuna watu wanatumwa usiku kukamata Waafrika na kuwatoa damu, na jina wazimamoto likashika kwa sababu waliwahusisha na watu wa zimamoto na magari yao mekundu. Angalia viti vilivyo pangwa hapo. Anayeogopa ni kibarua Mwafrika anatoka kazini usiku. Kinachoogopesha kina sare na gari ya serikali. Hiyo stori haikungoja ruhusa ya mtu, ilikuwa na uwakilishi wake tangu ilipozaliwa, juu waliosimulia ndio waliokuwa wanaogopa.

Ndio maana Sinners iliniingia moja kwa moja. Ni Mississippi 1932, mapacha wawili, wote Michael B. Jordan, wanafungua mahali pa muziki na pombe kwa watu wao, na nje kuna vampaya mzungu anaomba kwa upole akaribishwe ndani. Bibi yangu angeielewa bila kutafsiriwa. Na Ryan Coogler amepanga watu kwa makini: kuna familia ya Wachina wenye duka, na kweli Wachina wenye maduka walikuwa huko Delta, na mkuu wa vampaya ni Mwairishi, mtu ambaye kwao pia walitawaliwa. Annie, anayechezwa na Wunmi Mosaku, ndiye anajua dawa na kinga, kile kiti cha tatu, lakini amepewa pia mapenzi, amepewa mtoto aliyezikwa, amepewa hofu yake mwenyewe. Mahali nina neno na hiyo muvi ni wale Wachoctaw wawindaji wa vampaya, wanafika, wanaonya, wanaondoka jua likizama, hatuwaoni tena. Nilitaka kuwafuata.

"Wanafanya ili waonekane wazuri, hakuna pesa hapo." Get Out ilitengenezwa na kama dola milioni 4.5 na ikaingiza zaidi ya milioni 250. Sinners ilipita milioni 300. Tuendelee.

"Weka tu watu wao kwa skrini, imeisha." Hii ndiyo ngumu, na hapa ule mfano wangu wa viti unaanza kutingika kidogo, kwa hivyo nifuate pole pole. 2019 zilitoka muvi mbili kuhusu mzimu mmoja, La Llorona, yule mama wa hadithi za Amerika ya Kilatini aliyezamisha watoto wake na analia usiku kando ya maji. Moja ni ya Hollywood, iko Los Angeles miaka ya 1970, mama mzungu na watoto wake ndio wanaandamwa, na anakuja mganga wa Kimeksiko kuwasaidia. Watu wa ile hadithi wako ndani, huwezi kusema hawapo, lakini hesabu viti. Ya pili ni ya Jayro Bustamante wa Guatemala. Jenerali mzee ameshtakiwa kwa mauaji ya halaiki ya Wamaya, kesi imefutwa, waandamanaji wamezingira nyumba yake usiku na mchana, na kwa nyumba ameingia mfanyakazi mpya, msichana wa Kimaya mwenye nywele ndefu. Na usiku jenerali anasikia kilio.

Hapo anayeogopa ni nani? Ni muuaji. Na mzimu ndio wa watu waliouawa. Ukitumia mfano wangu kama rula utasema wenyeji wamerudishwa kiti cha pili, na utakuwa umekosea kabisa, juu Bustamante amekupanga wewe mtazamaji utamani mzimu uingie. Kwa hivyo swali si nani ameketi wapi tu, ni nani amepanga viti na anajua nini kuhusu wanaoketi.

Kuna mwingine hudhani uwakilishi ni kuonyesha watu wetu wakiwa wema. Kama wewe ni mmoja wao tafuta His House ya Remi Weekes, ya 2020. Mtu na mkewe wamekimbia vita Sudan Kusini, baharini wamepoteza mtoto, Uingereza wamepewa nyumba mbovu na masharti mengi, na ndani ya kuta kuna kitu kimewafuata, apeth, mchawi wa usiku. Huku Nairobi wengi wetu tuko na majirani Wadinka na Wanuer, tumesoma nao, kwa hivyo unaitazama tofauti. Sitakuharibia, lakini hao wawili si malaika, wamefanya kitu kibaya ili wapone, na muvi haiwasamehi haraka. Kupewa nafasi ya kuwa na hatia pia ni kuchukuliwa kama mtu. Wahusika wenyewe wamechezwa na akta mmoja aliyezaliwa Nigeria na mwingine wa wazazi Wanigeria, na hapo Mdinka akisema bado angependa kuona uso wa kwao, mimi siwezi kumpinga.

Lupita, na sauti

Hii nimeiweka peke yake kwa sababu ilinisumbua. 2019 Lupita Nyong'o alicheza Us, muvi nyingine ya Jordan Peele, akicheza wahusika wawili, Adelaide na pacha wake wa kivuli, Red, na nikiwa Mkenya nilikuwa nimejaa fahari, mtoto wa kwetu amekalia kiti cha kwanza na cha pili kwa pamoja. Red ana sauti ya kukwaruza, inakatika katika, unaisikia kwa mgongo. Lupita akaeleza kwamba alianzia kwa ugonjwa wa kweli unaofanya misuli ya sauti ikazane bila mtu kutaka. Chama cha Marekani cha watu wenye huo ugonjwa kikalalamika, kwamba watu wanaishi na hiyo sauti kila siku, wanaenda nayo sokoni na kazini, na sasa imekuwa sauti ya jinamizi. Lupita akaomba radhi.

Wengi huku tulikasirika kwa niaba yake, na mimi nilikasirika. Ilinichukua muda kuona kwamba hao watu walikuwa wanasema kile kile tunachosema sisi kuhusu ngoma na vinyago: msichukue kitu chetu mkaweka kiti cha pili bila sisi. Muvi moja inaweza kumpandisha mtu na kumchora mwingine nje ya gari, siku hiyo hiyo.

Na ulemavu na magonjwa ndiyo eneo hizi muvi hazijajisafisha bado. Kovu usoni, macho meupe, mwili unaotetemeka, vyote vimekuwa lugha ya kusema huyu ana pepo. Kuna muvi ya 2005 ya kutoa mapepo iliyotokana na kisa cha Anneliese Michel, msichana wa Ujerumani aliyefariki 1976 baada ya miezi ya maombi ya kumfukuza shetani, na madaktari walikuwa wameshamwambia ana kifafa. Amekufa kwa kukosa chakula. Wazazi wake na makasisi wawili walipatikana na hatia. Huku mtaani bado kuna watoto wenye kifafa wanapelekwa kuombewa kwanza, hospitali baadaye, na wanaowapeleka wameona kwa skrini mara mia vile mtu mwenye pepo huanguka.

Na sisi je

Sasa yule wa tatu kwa grupu, anayeuliza inatuhusu na nini. Inatuhusu kwa sababu sisi pia tunapanga viti. Chukua komedi na muvi zetu, chukua hata stori tu za kibanda. Mchawi ni Mkamba, ana kamuti. Jini ni mwanamke wa Mombasa, mrembo, amejifunika, ukiangalia chini ana kwato. Mganga ana kanzu na lafudhi ya pwani. Kikongwe yeyote mwenye macho mekundu ni mchawi, hiyo tumelishwa sana na muvi za Nigeria tangu Living in Bondage ya 1992 ifungue njia, na tukaziangalia kwa Afrosinema tukiwa watoto. Wote weusi kwa skrini, hakuna mzungu wa kulaumu, na bado kuna watu wamefungiwa kiti cha pili. Kule Kilifi wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, mvi tu ndiyo ushahidi, mpaka kuna kituo Kaya Godoma huko Ganze ambako wanaotishiwa hukimbilia. Sisemi muvi ndizo zimewaua. Nasema hakuna muvi niliyoona utotoni iliyokaa na huyo mzee ndani ya nyumba akisikia vijana wanakuja.

Inawezekana kufanywa. Mbithi Masya alitengeneza Kati Kati, 2016, msichana anajikuta nyikani kwa loji bila kumbukumbu na anaambiwa amekufa, wote pale wamekufa, na ni watu kama wa ofisini kwako, hakuna tunguri hakuna ngoma, kuna tu mambo waliyofanya wakiwa hai. Ilipata tuzo ya wakosoaji kule Toronto. Na kuhusu majini kuna Under the Shadow ya Babak Anvari, pia ya 2016, mama na bintiye Tehran wakati wa vita, makombora yanaanguka na jini linakuja na upepo. Mama anatoka mbio usiku kuokoa mtoto na anakamatwa na askari kwa kutofunika kichwa. Mwislamu ndiye anaogopa jini. Inaonekana kitu kidogo mpaka ukumbuke ni mara ngapi umeona kinyume.

Nikiwa darasa la saba kwa shule moja ya bweni, baridi mpaka mifupa, tulipata msichana amehamia kutoka Mombasa. Aliamka alfajiri kuswali peke yake. Jumamosi moja tulionyeshwa muvi ya mapepo kwa dining, na usiku wa Jumatatu msichana mmoja akapiga nduru, akaanguka, wakafuata wengine, na kabla ya taa kuwaka jina lilikuwa limeshapatikana, ni yule wa Mombasa, amekuja nayo. Mimi ni mmoja wa waliosogeza kitanda. Walimu walimlaza sanatoriamu siku mbili, alafu mamake akaja na basi la usiku akamchukua, na sikumwona tena.

Ningepewa pesa ya kutengeneza muvi moja ya majini ningeanzia hapo, na kamera singeipeleka kwetu. Ningeiweka kitanda cha juu, mtoto wa miaka 13 mbali na bahari, blanketi imefika kichwani, anasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, na gizani anasikia nyayo za wasichana arobaini zikishuka sakafuni.